Nilivyokwenda Ntoto Kumsemea Dada Yangu

Tangu nirudi miezi kadhaa iliyopita, kila mmoja wenu amenisimamisha mahali: mmoja sokoni, mwingine mlangoni pa kanisa, mwingine nikiwa kwenye foleni ya maji na bidoni mkononi. Swali ni lile lile, na kicheko cha chini kwa chini ni kile kile, kwa hiyo naona habari zilinitangulia kufika nyumbani. Basi naandika mara moja, tuachane. Mambo ya kutafuta vibali na mihuri nayaruka. Aliyewahi kusafiri kutoka Goma anayajua, na asiyeyajua, Mungu aendelee kumlinda.

Aliyeanzisha yote ni Sifa, dada yangu. Mnamkumbuka: aliolewa Ntoto, upande wa Walikale, na mwanamume mpole ambaye homa ilimchukua mwaka jana. Jumatatu moja alipanda kilima ambako mtandao hupatikana, akanipigia.

"Kaka, siku ya posho banaikala. Matanga inaisha. Kama hakuna mutu wa kwetu wa kusema neno, shamba inaenda kwa Papa Kasimba."

Maana yake ni hii. Jumamosi hiyo ukoo wa marehemu ungekaa kumaliza matanga na kuamua shamba lake linabaki na nani. Papa Kasimba ni kaka mkubwa wa marehemu, ana watoto wengi wa kiume na ardhi kidogo. Mjane hasemi katika kikao hicho. Husemewa na mtu aliyetoka upande wake. Baba yetu ameshalala chini, na ndugu mwingine wa kiume hatuna. Nilibaki mimi: miaka hamsini na miwili, magoti mawili mabovu, shahada moja ya sosiolojia, na kipaji cha kusema kwa saa nzima jambo linalotosha dakika tano. Bila shamba lile, Sifa na watoto wake wanne wangelazimika kuja Goma kuishi kwangu, katika vyumba viwili ambavyo mke wangu anadai ni kimoja na nusu. Nalitaja hili msije mkadhani nilisukumwa na upendo mtupu.

Nikaandika hotuba ya kurasa sita. Jumanne nikapanda kamio, lori la mizigo.

Goma mpaka Mubambiro

Papa Kambale, mwenye kamio na ndiye pia shofere anayeiendesha, ni mtu wa Butembo, kama walivyo karibu wote wenye magurudumu huku kwetu. Ni Mkatoliki wa dhati. Ana rozari moja kwenye kioo, nyingine shingoni, na ya tatu ameifunga kwenye breki ya mkono, na baada ya kuiona hiyo breki niliafiki kwamba ndiko ilikohitajika zaidi. Alituambia tuwe pale saa kumi na mbili kamili asubuhi. Saa kumi na mbili kamili alikuwepo, sikatai. Alikuwa anatafuta betri.

Tuliondoka saa nne. Chini kulikuwa na chumvi, sabuni, magodoro na mabati; juu tulikuwa sisi. Mimi, kwa heshima ya miwani yangu, nilipewa mabati. Kando yangu, juu ya magunia ya chumvi yaliyokuwa mali yake, aliketi Mama Kavira, mfanyabiashara wa soko la Birere pale Goma, mwenyeji wa Butembo kama shofere, mwanamke wa umri wangu mwenye macho yanayopima kila kitu kwa kilo. Alinipima pia.

"Papa, uko nabeba nini?"

"Nguo na karatasi."

"Karatasi ya kufungia bintu?"

"Ya hotuba."

"Aah, pole," akasema, kama mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa.

Mubambiro ni hapo tu, kabla ya kuingia Sake. Pana kambi ya jeshi iliyobadilisha wenyewe mara nyingi kiasi kwamba wanakijiji hawaulizi tena ni akina nani. Wanauliza tu kama leo wameamka vizuri. Siku hiyo hawakuamka vizuri. Kamba ilikuwa imevutwa kukatiza barabara, tukashushwa wote, na mwanamume mwenye bunduki na kandambili akanijia moja kwa moja.

"Wewe wa miwani. Kazi yako?"

Ningeweza kusema mwalimu. Ningeweza kusema mkulima, au mgonjwa. Lakini chuo kikuu kilinifunza kusema ukweli, hasa pale ambapo hakuna aliyeuhitaji.

"Mimi ni mwandishi."

"Unaandika majina ya nani?"

"Si majina. Naandika mawazo."

"Mawazo ya nani?"

Nikaanza kumweleza tofauti kati ya insha na ripoti. Mnanijua. Nilikuwa nimefikia mfano wa pili alipomwita mkubwa wake, na mkubwa akamwita wa kwake, na baada ya nusu saa watu wanne wenye silaha walikuwa wanaikagua hotuba yangu, mmoja wao akiwa ameishika juu chini. Abiria wenzangu walinitazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula cheti cha ubatizo.

Saa ya tatu ya mashauri hayo, Mama Kavira alijikung'uta chumvi, akawafuata.

"Bakubwa, muache huyu muzee. Anaandikaka bintu yenye hakuna mutu anasoma. Ata bibi yake hasomi."

Wakaniangalia kwa huruma ya kweli. Kamba ikashuka. Nilimshukuru yule mama kwa ubaridi. Kilichoniuma ni kwamba aliyasema bila kunijua.

Sake mpaka Mweso

Baada ya Sake barabara inapanda vilima vya Masisi. Waliofika Uswisi husema ndiko kunakofanana nako: majani mabichi, ukungu, ng'ombe wanene. Mimi Uswisi sijafika, lakini nashuku kule ng'ombe hawahamishwi kila bunduki zinapobadilisha mikono. Hata hivyo ng'ombe wa Masisi hawana kinyongo, wanaendelea kutoa maziwa, na kwenye kona moja wanawake waliuza fromaji, yaani jibini, za mviringo, za manjano, zikiwa bado na harufu ya zizi. Nilinunua moja ya kumpelekea Sifa. Kufikia kona ya tatu nilikuwa nimeila nusu. Kufikia ya tano nilijiambia kwamba fromaji iliyokatwa ni zawadi ya aibu, nikaimaliza kwa heshima ya dada yangu.

"Papa Prof," Mama Kavira akasema, akiwa tayari amenibatiza jina, "tumbo yako nayo haina breki."

Ndipo tukafika kwenye tope.

Nataka niliseme vizuri tope hili, kwa kuwa wengine wenu mnadhani tope huletwa na mvua. Mvua huleta malighafi tu. Lile tulilokutana nalo lilikuwa na wenyewe: lilikuwa na rais, katibu, na wafanyakazi kumi na wawili wenye majembe na vitiyo. Kamio inapozama, wanaweka mawe na miti chini ya magurudumu, wanasukuma kwa nyimbo, inatoka. Ikishapita kona, wanatoa mawe na miti, wanayapanga vizuri pembeni, na wanachimbua kidogo pale palipoanza kuwa pagumu, ili wa nyuma asikose huduma. Kamio nne zilikuwa mbele yetu. Papa Kambale alizima injini, akatoa rozari ya shingoni, akaanza.

Kilichotakiwa kwangu kilikuwa kukaa kimya. Zamu yetu ilikuwa ifike alasiri ile ile ya Jumanne. Badala yake nilishuka, nikakunja suruali, nikamwendea rais wa tope, mzee mwenye koti la mvua la kike, nikamtolea maelezo mafupi juu ya barabara kama mali ya umma. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kulifanya.

"Papa, ni vizuri sana," akasema. "Sasa tukifunga hii shimo, batoto yetu batakula nini? Mali ya umma?"

Wafanyakazi wake walicheka. Nami, kwa kuwa sipendi kuchekwa, nikaongeza neno kuhusu aibu.

Hapo rais akaacha kutabasamu. Akamgeukia katibu wake na kusema kwa upole kabisa kwamba kamio yenye mwalimu iende nyuma, ijifunze kungoja. Tukarudishwa nyuma ya kamio zote, pamoja na tatu zilizokuwa zimefika wakati nahutubia. Tulilala hapo. Jumatano nzima tulikula mahindi ya kuchoma na kutazama wengine wakitoka. Papa Kambale hakunigombeza. Alisimamisha rozari yake katikati, akanitazama, akaendelea, na nina hakika kuanzia pale alikuwa ananiombea mimi kwa jina. Mama Kavira, ambaye nilikuwa nimemdokezea habari za kikao cha dada yangu, ndiye aliyenigombeza.

"Kwa dada yako bataikala lini?"

"Jumamosi."

"Na leo ni siku gani?"

Nikajibu.

"Njo hivyo. Kinywa yako, uiweke kwa mufuko mupaka Jumamosi."

Jumatano jioni alikwenda mwenyewe kwa rais wa tope na kipande cha sabuni. Sikusikia alichosema. Nilichoona ni wote wawili wameketi juu ya gogo wakiongea habari za watoto, na alfajiri ya Alhamisi kamio yetu ikawa ya kwanza.

Mweso mpaka Kalembe

Alhamisi mchana tuliingia Kalembe, kijiji kilichosimama mpakani, mguu mmoja Masisi na mwingine Walikale. Kamio ilikuwa iendelee mbele hadi Walikale mjini, nami nishukie njiani. Lakini daraja lilikuwa limebaki nguzo. Mbao zake zilikuwa zimeondoka. Hakuna aliyezichukua, kila mtu alituapia hivyo, ingawa choo kipya cha jirani wa daraja kilikuwa na sakafu ya kupendeza. Papa Kambale alipiga ishara ya msalaba, akatangaza kwamba atangoja mbao. Siku ngapi? Siku tatu. Labda wiki.

Tulipokelewa na Papa Bahati na mkewe Mama Riziki, wakulima, watu wa kanisa, ambao babu zao walilima mteremko ule ule. Mama Riziki alitupa viazi vya kuchemsha, maharagwe na maziwa ya mgando, na nilipomaliza akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna njaa. Kisha, kwa ukarimu, alitutandikia mimi na Mama Kavira chumba kimoja.

Mama Kavira alisimama mlangoni, akaangalia kitanda, akaniangalia mimi.

"Huyu? Hapana, dada. Mimi niko na bwana Butembo. Na yule wa kwangu anabebaka muzigo."

Mama Riziki aliomba radhi mara tatu, zote kwa Mama Kavira. Nikalala jikoni na mbuzi.

Asubuhi, wakati nahesabu siku kwa vidole na kuona kimebaki kimoja, Papa Bahati alisema kwamba kwa miguu Ntoto inafikika. Njia ya mkato inapita msituni. Ukitembea Ijumaa yote na kulala njiani, Jumamosi mchana uko kule. Halafu, bila kujua anafanya nini, akaongeza:

"Na bale ba kule banateseka. Tangu mvua ianze hakuna chumvi imefika."

Mama Kavira aliacha kunywa maziwa.

"Hakuna ata kidogo?"

"Ata ya kuonja."

Baada ya saa moja alikuwa amepata wanaume sita wa kubeba magunia, na mimi nilikuwa nimepata msafara. Sikujidanganya kwamba alinifuata mimi.

Kalembe mpaka Ntoto, kwa miguu

Sina mengi ya kusema juu ya msitu, kwa kuwa nilitazama visigino vya aliyenitangulia tu. Kuna mito ambayo wenyeji huiita vijito. Kuna mlima ambao wenyeji huuita "hapo juu kidogo". Kulikuwa na bariere mbili, vizuizi vya watu wenye bunduki, hawa wakiwa wapinzani wa wale wa Mubambiro. Kwa bahati nzuri tumejaliwa serikali za kutosha, kila bonde na yake. Walipouliza kazi yangu, Mama Kavira alijibu kabla sijafungua kinywa: "Ni mugonjwa." Nilikuwa nimeshaifikia hali hiyo, hivyo hakuna aliyesema uongo.

Njiani nilimweleza kila kitu: Sifa, marehemu, shamba, Papa Kasimba. Kisha nikamsomea hotuba. Alisikiliza kurasa mbili, akanisimamisha kwenye ukingo wa mto.

"Papa Prof, ndani ya hii maneno, uko nauzisha nini?"

"Haki ya mjane."

"Na nani anauza?" Kwa Kiswahili cha huku kwetu alikuwa anauliza nani ananunua.

"Haki hainunuliwi, mama."

"Sasa njo maana haiishi kwa duka," akasema, akavuka.

Tulilala katika kanisa dogo la udongo, juu ya mabenchi. Chakula cha Ijumaa: ndizi mbili. Chakula cha Jumamosi asubuhi: kumbukumbu ya zile ndizi mbili.

Ntoto

Tuliingia Ntoto jua likiwa utosini. Kikao kilikuwa kianze jua likiinama. Nilikuwa nimewahi! Nilikuwa na tope hadi kiunoni, soli moja ya kiatu ilikuwa imebaki Masisi, lakini nilikuwa nimewahi, na nilihisi ndani yangu kitu kinachofanana na ushujaa.

Mama Kavira hakufika hata uani kwa ukoo wa marehemu. Kwenye nyumba ya kwanza ya kijiji mwanamke mmoja aliona magunia, akapiga kelele, na kabla sijageuka Mama Kavira alikuwa amezungukwa na watu wenye bakuli. Nikamwacha akipima chumvi, nikaenda kwa shemeki, kama tunavyomwita shemeji.

Papa Kasimba alinipokea kama waziri. Ni mtu mrefu, mwenye sauti laini na adabu ambayo mjini tuliipoteza zamani. Maji ya moto ya kuoga miguu yalikuwa tayari. Kiti chenye mgongo kilikuwa tayari. Na juu ya meza ndogo, chini ya kitambaa kilichofumwa maua, kulikuwa na lituma: ndizi zilizopondwa na maharagwe, zimelowa mawese, zinafuka moshi, na kando yake samaki wa kukaushwa katika mchuzi na sombe ya majani ya muhogo.

"Karibu, shemeki. Njia ni ndefu. Kula kwanza."

Nikala. Sitapamba. Nilikula jinsi mtu anavyokimbia mvua. Mlango wa jiko ulikuwa mbele yangu, na pale nilimwona Sifa, amekonda, ndani ya kitenge cheusi, mikono yote miwili kichwani, akitikisa kichwa huku na huku. Nikasema moyoni: maskini dada yangu, analia kwa furaha ya kuniona. Nikampungia mkono. Mkono ulikuwa na samaki.

"Ongeza," Papa Kasimba akasema.

Nikaongeza.

Jua likainama. Wazee wa ukoo waliketi kwenye mikeka uani, mkubwa wao akiwa Mama Nyabadeux, shangazi wa marehemu, bibi mwenye fimbo na meno mawili aliyeonekana kuchoshwa na kila kitu. Niliitwa. Nilisimama, nikafungua kurasa sita, nikakohoa kidogo kwa mtindo wa ukumbi wa chuo.

"Kaa chini, mugeni," Papa Kasimba akasema kwa upole. "Wewe umekula."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ni kweli, amekula.

Desturi yao ni hii: anayekuja kumsemea mjane huja na njaa yake, na haigusi sahani ya nyumba ile mpaka neno lake limesikilizwa. Akila kabla, amekubali kupokelewa, ni mgeni. Mgeni hulishwa, husindikizwa na huombewa safari njema, lakini neno hana.

Na sasa nifike kwenye sehemu ambayo naona imewafurahisha kuliko zote, kwa kuwa mke wangu ameshaisambaza. Desturi hiyo niliijua. Niliijua vizuri mno. Niliandika mimi mwenyewe, nikiwa chuoni, baada ya kuwahoji wazee wa Walikale waliokuwa wanaishi Goma, sura nzima yenye kichwa kinachohusu mlo na neno katika kumaliza matanga. Maprofesa waliisifu. Mmoja alisema inaonyesha uelewa wa ndani. Miaka ishirini na mitano baadaye uelewa huo ulikuwa ndani kweli, chini kabisa, umefunikwa na lituma.

Nikakaa. Nilimtazama Sifa, na yeye hakunitazama. Watoto wake wanne walikuwa wameketi nyuma yake kwa mstari, wakubwa kwa wadogo, na yule binti mkubwa alielewa yaliyotokea, kwa sababu alikuwa ameanza kuokota vyombo vya mama yake vilivyokuwa uani, kimoja kimoja, kama watu wanaojiandaa kuhama.

Mama Nyabadeux alipiga fimbo chini. "Kama upande wa mujane hauna neno—"

Ndipo Sifa akasimama mlangoni pa jiko, ambako habari za mama wa chumvi zilikuwa zimeshafika. Mjane hasemi katika kikao, lakini anayepika ana haki ya kusema habari za chakula. Hata Papa Kasimba hawezi kumnyima hilo.

"Mama," akasema, sauti ikiwa chini sana, "nilitaka tu kusema kama kuko mutu ya safari mwenye hajakula. Alikuya na njia moja na kaka yangu. Iko kwa nyumba ya kwanza."

Hakuongeza neno. Kila mtu pale alielewa, na wa kwanza kuelewa alikuwa Papa Kasimba. Adabu yake ikashika kasi ya ajabu. Alimwashiria mkewe kwa kidole, na mkewe akatoka nyuma ya nyumba na sahani ya lituma, nusu akitembea, nusu akikimbia, kuelekea nyumba ya kwanza. Nami nikamfuata, magoti na yote, maana mgeni hana neno ila miguu haikukatazwa. Sikumfikia. Nilifika wakati sahani imeshawekwa chini ya pua ya Mama Kavira.

"Karibu, mama. Kula kwanza, uko na njaa."

Mama Kavira alikuwa na mkono ndani ya gunia hadi kiwiko na wateja kama kumi mbele yake.

"Aksanti, dada. Weka pale. Naweza kula namna gani na batu banangoja?"

Namshukuru Mungu aliyewaumba watu wa Butembo hivyo. Nikamnong'oneza maneno manne, manne tu, ndiyo hotuba yangu bora kuliko zote: "Usile. Njoo umsemee Sifa." Akalifunga gunia kwa mafundo mawili, akaniangalia tumbo, akaelewa, akaja.

Uani palikuwa na zogo. Papa Kasimba alikuwa amesimama.

"Huyu ni mutu wa Butembo! Iko jamaa ya nani hapa?"

"Ulikula?" Mama Nyabadeux akamuuliza Mama Kavira.

"Bado, mama."

"Ulikuya na njia gani?"

"Na hii ya kaka yake. Tangu Goma. Nimeteseka naye sana."

Bibi akafikiri, akilambalamba meno yake mawili. "Desturi inasema mutu mwenye alikuya na njia ya mujane, na hajakula. Haisemi wa wapi. Haisemi mwanaume. Ikala, mama. Sema."

Mama Kavira hakuikalia mikeka. Aliketi juu ya gogo, kanga akaikunja magotini.

"Mimi sijui maneno mingi," akasema. "Papa Kasimba, ile shamba, musimu yenye ilipita, nani alilima?"

"Sifa," mtu akasema.

"Aksanti. Sasa musikilize. Nimeleta chumvi. Nitarudi na ingine kila mwezi, na sabuni, na mafuta ya taa. Lakini mwanamuke wa biashara halali inje. Nalala kwa mwanamuke mwenzangu, mwenye iko na nyumba yake na shamba yake, mwenye anaweza kunipikia maharagwe. Hapa Ntoto najua mumoja tu: Sifa. Kama Sifa iko Ntoto, chumvi iko Ntoto. Kama Sifa anaenda Goma," akainua mabega, "chumvi nayo inabaki Goma. Nimemaliza."

Nilihesabu baadaye: hotuba yake haikufika hata nusu ya ukurasa wangu wa kwanza.

Wazee hawakunong'onezana kwa muda mrefu. Wake zao walikuwa wamesimama nyuma ya ua na bakuli zao, na walikuwa wanakohoa. Mama Nyabadeux alipiga fimbo: shamba linabaki kwa Sifa mpaka watoto wakomae, na atakayeligusa atakula mboga zake bila chumvi. Papa Kasimba, ambaye namheshimu hadi leo, akacheka, akaenda kutafuta bakuli. Binti mkubwa wa Sifa akarudisha vyombo alipovitoa, kimoja kimoja.

Jioni hiyo, kama inavyotakiwa, aliyesema neno alimshika mjane mkono akampeleka shambani, wakalima pamoja mstari mmoja. Mimi nilitazama kwa mbali, kwenye kiti chenye mgongo.

"Ulikuwa unaijua Ntoto kabla?" nilimwuliza Mama Kavira tulipokuwa tunarudi Kalembe.

"Hapana."

"Na ile ya kurudi kila mwezi?"

"Sasa nitarudi," akasema kwa hasira, akiangalia mlima uliokuwa mbele yetu. "Nimeshasema mbele ya batu. Unaona kazi yako?"

Na anarudi. Daraja lina mbao tena, choo cha jirani kimerudi kuwa cha udongo, na kila mwezi kamio ya Papa Kambale inamfikisha Kalembe. Kwa mujibu wa ukoo wa Ntoto, aliyesema neno ndiye ndugu. Sifa anapopanda kile kilima cha mtandao humpigia yeye kwanza, na mimi chaji ikibaki. Juma lililopita mavuno ya kwanza ya lile shamba yalifika Goma: gunia la maharagwe, limeandikwa kwa mkaa jina la Mama Kavira. Nilisikia, nikaenda dukani kwake Birere kuliona. Alikuwa ameshapika. Alinipakulia sahani moja, akaisukuma mbele yangu, wateja wote wakisikiliza.

"Kula, mugeni," akasema. "Leo hakuna neno ya kusema."

Nikala.